Sachi Haijui Mto Ulipo

Tangu Mahakama ya Juu ya Kenya itoe uamuzi mnamo Aprili 2025 uliomnyima mnunuzi kiwanja cha Ngara, Nairobi, ingawa alikuwa na hati, kauli moja imekuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya vyama vya akiba, kwenye vibanda vya madalali, na hata midomoni mwa mawakili ambao tungetarajia wajue zaidi: hati ya ardhi Kenya imekufa. Ukinunua leo kwa pesa halali, kwa mtu ambaye jina lake limo rejistani, bado kesho unaweza kuambiwa huna kitu. Hofu hiyo naielewa, maana wengi wetu tumewekeza akiba ya miaka kwenye karatasi yenye muhuri. Lakini nadhani uamuzi umesomwa vibaya. Mahakama ilikataa tu kuilazimisha hati ijibu swali ambalo haikuwahi kuulizwa. Hati hukwambia nani ameandikishwa kuwa mwenye ardhi. Haikwambii kama ardhi yenyewe ilikuwa ya kugawiwa mtu tangu mwanzo. Na jibu la swali hilo la pili, ukifuatilia kesi hizi moja baada ya nyingine, mara nyingi limo nje ya rejista: kwenye ukingo wa mto, kwenye njia ya kwenda ufukweni, kwenye hifadhi ya barabara, kwenye ramani ya zamani ya mpima ardhi. Ndiyo maana nashikilia kwamba uchunguzi wa kisheria na uchunguzi wa mazingira, ambao tumezoea kuutenganisha (wa kwanza tumpe wakili, wa pili tuwaachie wenye viwanda na hoteli), ni kazi moja. Anayefanya nusu yake amenunua nusu ya habari.

Turudi nyuma kidogo. Mfumo wetu wa usajili ulijengwa juu ya ahadi nzuri: mnunuzi asilazimike kuchimbua historia ya ardhi hadi enzi za mababu, aangalie rejista, alipe, alindwe. Ahadi hiyo ingefaa sana kama rejista ingekuwa safi. Haikuwa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, kuanzia misitu na viwanja vya shule hadi hifadhi za barabara, ilivyogawanywa kama njugu na kupewa hati zenye kila saini inayotakiwa. Kwa hiyo Katiba ya 2010 ilipoandikwa, kifungu cha 40 kinacholinda mali kiliongezewa ibara ya 6: ulinzi huo hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Kifungu cha 62 kikataja mito, maziwa, barabara na eneo la pwani linalofunikwa na kuachwa na maji ya bahari kuwa ardhi ya umma. Kisha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 26, ikasema wazi kwamba hati inaweza kubatilishwa ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kupitia njama ya ufisadi. Maneno hayo yamekuwapo tangu 2012, wakati wote huo wauzaji wakiimba "hati safi". Majaji hawakuyabuni. Waliyasoma.

Kesi iliyofungua macho ni ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa, iliyoamuliwa Aprili 2023. Ni ardhi ya Nyali, karibu na bahari. Mgao wa kwanza ulitolewa 1989 kwa Daniel arap Moi, aliyekuwa Rais wakati huo. Ikapita kwa kampuni nyingine, hatimaye ikafika kwa Dina. Septemba 2017 kaunti ikaingia, ikaangusha ukuta na kufungua njia ya umma kwenda ufukweni. Kampuni ikaenda kortini ikiwa na hati, sachi (cheti cha upekuzi wa rejista) na kila kinachohitajika kwenye bahasha ya wakili. Ikashindwa hadi ngazi ya mwisho. Sababu ya kushindwa ndiyo inayopotea kwenye mazungumzo ya mitaani: Mahakama ilisema ardhi ile ilikuwa eneo wazi la umma, kwa hiyo haikuwapo ya kumgawia mtu, na mgao wa kwanza ulipokosa nguvu, kila mauzo yaliyofuata yalirithi ukosefu huohuo. Usafi wa moyo wa mnunuzi wa tatu hauwezi kuzaa kile ambacho wa kwanza hakuwa nacho. Sasa jiulize: kabla ya kununua, ni nini kingemwambia mnunuzi kwamba hapo pana tatizo? Cheti cha upekuzi kisingemwambia. Ramani ya mpango wa eneo ingemwambia. Na wavuvi na vijana wa Nyali waliozoea kushuka baharini wangemwambia bure.

Kesi mbili nyingine zinafuata mkondo huo, nazipitia haraka. Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama ilisema barua ya mgao ni ahadi tu, haimpi mtu milki mpaka masharti yake yatimizwe. Na ardhi yenyewe, huko Embakasi, ilikuwa imekaliwa na jeshi. Hapo hata miwani haikuhitajika. Ngara, mwaka 2025, ilihusu wenyeji wa muda mrefu ambao mkataba wao wa kukodi ulikwisha muda, kiwanja kikapewa kampuni nyingine, nayo ikauza. Mahakama ya Rufani ikamwona mnunuzi kuwa hana hatia, Mahakama ya Juu ikapindua. Nyali kulikuwa na njia ya umma, Embakasi kambi, Ngara wenyeji wa muda mrefu: kila mara, ukiacha lugha ya Kilatini ya mawakili, unakuta kulikuwa na jambo ambalo mtu angeweza kuliuliza akiwa amesimama palepale kwenye kiwanja.

Mazingira yanaingia hapa, na ndiyo sehemu ambayo wawekezaji wetu wadogo wanaichukulia kama mapambo. Agosti 2018 Nairobi iliangusha South End Mall ya Lang'ata, Ukay Centre ya Westlands, na kituo cha mafuta pamoja na mkahawa huko Kileleshwa, kwa madai kwamba vilikuwa kwenye kingo za mito. Hayakuwa mabanda ya usiku. Yalikuwa majengo ya mawe yenye wapangaji, yaliyosimama miaka mingi mbele ya macho ya kila ofisi iliyopaswa kuyazuia. Kilichowashangaza watu ni kwamba vibali havikuyaokoa. Lakini kibali cha kujenga hakiwezi kugeuza ukingo wa mto kuwa kiwanja, kama vile leseni ya udereva haiwezi kukupa gari. Kilichonikera mimi ni kingine: vipimo vyenyewe havikubaliani. Kanuni za maji zinazungumzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto. Kanuni za upimaji na za mipango ya miji nazo zina hesabu zao. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, serikali ilishika mita 30 na kubomoa nyumba Mathare na Mukuru. Mwekezaji mwerevu haongozwi na kipimo kinachompendelea. Anachukua kile kikali zaidi, halafu anauliza kiasi gani cha kiwanja kinabaki.

Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu kuangalia ploti upande wa Kitengela, ile ya futi 50 kwa 100 inayotangazwa kila mahali. Wakala, kijana mchangamfu mwenye buti safi, alikuwa na sachi mkononi: jina la kampuni, hakuna deni la benki, hakuna zuio. Bikoni nne, zile alama za mipaka, zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe. Lakini kwenye kona ya chini udongo mweusi ulikuwa umepasuka vipande vipande kama chapati iliyokauka, na katikati ya nyufa kulikuwa na kishada cha matete mabichi, Januari, wakati nyasi zote zimegeuka rangi ya mchanga. Nikauliza. "Hayo ni maji ya mvua tu, mzee, yanapita." Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mama akiuza maziwa kwenye kibanda cha mabati. Nikamwamkia, nikamuuliza kama maji hufika pale. Hakujibu kwa maneno. Alinionyesha mstari wa tope kwenye bati lake, juu kidogo ya goti, kisha akaendelea kupima maziwa. Binamu yangu bado aliipenda ploti. Bei ilikuwa nzuri. Bei nzuri ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imeota majani.

Wanaoupinga mwelekeo wa Mahakama wana hoja nzito, na sitajifanya siioni. Wanasema: serikali ndiyo iliyotoa hati mbovu, serikali ndiyo iliyouza sachi, ikachukua ushuru wa stempu, ikakusanya kodi ya ardhi, kisha mambo yakiharibika mzigo wote unamwangukia raia aliyeiamini. Kama kila mnunuzi lazima afukue historia hadi mgao wa kwanza, basi tuna usajili wa nini? Benki nazo zitakopesha juu ya nini? Hii ni hoja ya haki, na majibu ya "mnunuzi ajihadhari" hayaitoshi. Jibu langu ni kwamba hoja hii inaelekeza lawama mahali sahihi lakini inadai dawa isiyo sahihi. Dawa yake ni fidia. Sheria ya 2012 yenyewe ina sehemu inayoruhusu mtu aliyeumizwa na makosa ya rejista kulipwa. Tatizo ni kwamba raia wa kawaida akisikia "fidia ya serikali" anacheka, na ana sababu ya kucheka. Hapo ndipo kelele zetu zingefaa kuelekezwa. Tukidai badala yake kwamba hati yoyote iheshimiwe bila kujali ilivyopatikana, basi aliyenyakua ufukwe 1989 anahitaji kuuza mara moja tu ili unyakuzi wake uwe halali milele. Umma ungepoteza njia, mto na uwanja wa shule kwa saini mbili.

Wengine wana imani na tarakilishi. Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, ilizinduliwa Aprili 2021, na kweli imepunguza safari za kwenda Ardhi House na zile foleni za kusubiri faili "lililopotea". Lakini kuhamisha kosa kutoka kwenye karatasi hadi kwenye skrini hakulifuti. Zaidi ya hayo, kifungu cha 28 cha sheria hiyohiyo ya 2012 kinataja haki zinazomfunga mwenye hati hata kama hazikuandikwa rejistani: haki ya njia, haki ya aliyekaa kwenye ardhi miaka 12 bila kuzuiwa, na amana za kimila. Hiyo ya mwisho Mahakama ya Juu iliitilia mkazo 2018 katika kesi ya familia moja ya Meru, ambapo ardhi iliandikwa kwa jina la mtu mmoja ilhali ukoo mzima ulikuwa na sehemu yake. Hakuna programu itakayokwambia shangazi wa muuzaji analima wapi. Utamkuta na jembe.

Hoja dhaifu kuliko zote, lakini ndiyo inayouza ploti nyingi, ni hii: "Kila mtu amejenga huku, hawawezi kubomoa wote." Nimeisikia kwa watu wenye shahada mbili. Historia ya karibu inaijibu vizuri. Novemba 2011 matingatinga yaliingia Syokimau, kwenye ardhi iliyodaiwa kuwa ya mamlaka ya viwanja vya ndege, na nyumba za ghorofa zikaanguka. Oktoba 2023 yakaingia Mavoko, kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, baada ya mahakama kuamua kwamba ni yake. Waliobomolewa wengi walikuwa na karatasi za chama kilichowauzia. Wingi wa majirani haukumlinda mtu. Kama ulifanya lolote, ulilifanya kosa lipate muda wa kukomaa, watu wakaongeza ghorofa, wakahamisha wazazi wao kutoka mashambani wakaja kuishi nao. Kuna tofauti kati ya jambo kutofanyika bado na jambo kutoweza kufanyika, na kati ya hayo mawili ndipo dalali anapopata kamisheni yake.

Kuna upande mwingine wa mazingira ambao haugusi mipaka kabisa, nao ni uchafu uliomo ndani ya udongo. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilipakana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007 hadi 2014, madini ya risasi yakaingia kwenye nyumba na damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, baada ya rufaa kadhaa, Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024. Kila anayeiona kesi hii huiona kama ya afya na haki za binadamu, na ni sawa. Lakini mwekezaji anapaswa kuiona pia kama kesi ya ardhi, kwa sababu majengo ya viwanda vya zamani yanageuzwa kuwa maghala na nyumba za kupanga katika miji yetu yote, na vituo vya mafuta vilivyofungwa vinauzwa kama viwanja vya kona vyenye "barabara mbili". Tangi la chini ya ardhi halionekani kwenye sachi. Marekani walijifunza haya kwa gharama. Kule Niagara Falls, mwaka 1953, kampuni ya kemikali iliiuzia bodi ya shule eneo la Love Canal kwa dola moja, na hati ya mauzo yenyewe ilitaja taka zilizofukiwa. Walijua, wakajenga shule. Sheria iliyozaliwa na mkasa huo mwaka 1980 inaweza kumbebesha mwenye ardhi wa sasa gharama ya kusafisha hata kama hakumwaga hata tone, na mlango wake wa kutokea ni mwembamba: athibitishe kwamba alichunguza ipasavyo kabla ya kununua. Angalia jinsi wazo hilo lilivyo jirani na la majaji wetu. Huko na huku, kutokuwa na hatia ni kazi mtu aliyoifanya kabla ya kulipa, na lazima aweze kuionyesha.

Kwa hiyo nini kinabadilika kwa mtu anayetaka kununua? Kwanza mpangilio. Wengi tunaanza na bei, tunaweka ile asilimia 10 ya kushikilia, kisha ndipo wakili anatafutwa, tena wakili wa muuzaji kwa sababu "ni rahisi". Uchunguzi ungetangulia amana. Sachi ya leo iambatane na kadi ya kijani inayoonyesha mlolongo wa wamiliki tangu mwanzo. Kama kiwanja kilitoka kwenye mgao, barua ya mgao ionekane pamoja na risiti za malipo yake. Mpima ardhi mwenye leseni, asiye wa muuzaji, achukue ramani kutoka ofisi ya upimaji ya Ruaraka na kuzitafuta bikoni mwenyewe, kwa sababu rangi nyeupe mtu yeyote anaweza kuipaka. Ofisi ya mipango ya kaunti iulizwe eneo limetengewa nini. Ofisi ya maji iulizwe kuhusu kingo. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iulizwe kama kuna amri yoyote ya kurejesha mazingira, na kama mradi wako utahitaji tathmini ya athari kabla hujachimba msingi. Halafu nenda wakati wa masika. Haya yanagharimu, na kwa ploti ya bei ya chini gharama hiyo inauma. Lakini chama cha watu ishirini kinachonunua ekari moja kinaweza kumlipa mpima ardhi mmoja, ilhali leo kila mwanachama anafanya sachi yake ileile na kurudi na karatasi ileile.

Wanaoumia zaidi ni walio mbali. Ndugu zetu walioko Doha, Muscat au Minnesota wananunua kwa video ya simu, na video hupigwa kiangazi. Wanamtuma ndugu, ndugu anaona haya kuuliza maswali mengi, na picha inayotumwa ni ya geti. Kwa hawa, jambo la maana kuliko safari ya kuja kuangalia ni mkataba unaoweka pesa mikononi mwa mtu wa tatu hadi uhamisho ukamilike, na unaomtaka muuzaji aseme kwa maandishi yale anayoyasema kwa mdomo. Benki nazo zingeweza kusukuma soko zaidi ya sheria yoyote: siku mkopeshaji atakapodai barua ya ofisi ya maji kabla ya kukubali kiwanja kuwa dhamana, kampuni za kuuza ploti zitajifunza mto ulipo ndani ya wiki moja.

Binamu yangu aliifuata njia hiyo ya maandishi. Hakubishana na wakala kuhusu matete wala mstari wa tope. Alimwomba tu aongeze maneno saba kwenye mkataba: "Kiwanja hiki hakimo katika ukingo wa mto." Kijana alisema hakuna shida, wacha azungumze na ofisi. Hiyo ilikuwa Januari. Tangazo la ploti bado lipo, bei imeshuka mara mbili, na simu ya binamu yangu haijalia.